Mtandao wa utafiti wa zahanati uongozwe na mtu aliyetoka zahanati

Wiki hii kwenye kundi letu la matabibu limerushwa tangazo la kazi. Kuna taasisi hapa Dar inataka kuunganisha zahanati na vituo vya afya viwe mtandao wa utafiti, na inatafuta wa kuuongoza. Shahada ya uzamivu, machapisho kwenye majarida ya kimataifa, uzoefu wa kusimamia fedha za wafadhili. Nimelisoma tena na tena nikitafuta walau mstari mmoja unaosema mwombaji awe amewahi kutibu wagonjwa zahanati. Haupo.

Imeniuma. Mitandao ya aina hii ilibuniwa kwa sababu utafiti wa tiba ulikuwa umejifungia hospitali kubwa. Daktari na mtafiti Kerr White na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1961: kati ya watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja 750 waliugua au kuumia, 250 walikwenda kwa daktari, 9 walilazwa, na mmoja tu ndiye aliyefikishwa hospitali ya chuo kikuu. Takwimu ni za Marekani na Uingereza, lakini aliyewahi kufungua OPD, chumba cha wagonjwa wa nje, Jumatatu asubuhi Mbagala au Buza anaijua picha hiyo. Sasa tunakwenda kuwatafiti wale 250, na kiongozi tunamtafuta kule alikofikishwa yule mmoja?

Anayeamini kwamba mtu wa chini hawezi utafiti amkumbuke William Pickles, daktari wa kijijini huko Yorkshire. Alifuatilia homa ya ini kwa kuandika nani alikutana na nani, wapi, na aliugua baada ya siku ngapi. Aliweza kwa sababu aliwajua wagonjwa wake kwa majina na kwa nyumba zao. Madaktari wa familia wa Uingereza walipounda chuo chao, rais wa kwanza alikuwa yeye.

Kituo nilichoanzia kazi palikuwa na muuguzi mtu mzima, wote tukimwita Mama. Alikuwa na daftari la wagonjwa wa presha, la kwake mwenyewe, nje ya vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hawa tunaowapa dawa za wiki moja hawarudi. Waliopata za mwezi wanarudi." Nikamuuliza kwa nini. "Nauli. Halafu siku nzima ya biashara imepotea. Wewe ungerudi?"

Hilo ni swali la utafiti kamili. Lina watu wa kulinganisha, lina matokeo ya kupima, na jibu lake lingebadilisha namna tunavyogawa dawa. Watafiti walikuja pale, wakamwomba funguo za chumba na rejista. Alichokiona hawakumwuliza.

Walichotuachia ni dodoso la kurasa nyingi, lijazwe kwa kila mtoto mwenye homa. Foleni imefika getini, tabibu ni mmoja, kuna mama ameshika uchungu chumba cha pili. Nani atajaza? Tulijaza jioni, wagonjwa wameshaondoka, kwa kumbukumbu. Karatasi zile zilikwenda kuwa takwimu. Kiongozi aliyewahi kufunga ripoti ya MTUHA mwisho wa mwezi, macho yamechoka na mahesabu ya rejista hayalingani, asingeruhusu dodoso lile litoke ofisini kwake. Ndiyo maana historia ya kiongozi ina uzito. Inaamua swali lipi liulizwe, nani abebe kazi, na kama kinachoandikwa kitakuwa kweli.

Nakubali kwamba kuomba kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kupanga sampuli na kuchambua takwimu kunahitaji msomi aliyebobea, na mimi sina ujuzi huo. Kazi nzuri imefanywa na wasomi: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa watoto 1,005 wenye homa, wagonjwa wa nje wa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na maambukizi ya njia ya hewa kwa zaidi ya nusu. Ulitusaidia sana. Msomi huyo awepo.

Lakini uongozi ugawanywe. Mmoja atoke chuo, mwingine atoke kituoni: tabibu, daktari msaidizi au muuguzi, na stashahada yake isiwe sababu ya kumwondoa. Wauguzi wetu wengi ni wanawake, kwa hiyo mlango huo utawaingiza na wao. Wagonjwa wawe na kiti kwenye kamati. Na yule wa kituoni asiitwe mratibu wa kupanga vikao na chai. Awe na sauti katika bajeti, jina lake liwe kwenye makala, na awe na mamlaka ya kukataa dodoso.