Uliokoka Lini?

Katika mazishi mengi ya huku Kisumu na Siaya, msemaji akipewa kipaza sauti haanzi na jina lake. Huanza hivi: "Bwana asifiwe. Nimeokoka, Yesu ni Bwana na Mwokozi wa maisha yangu." Ndipo ataje jina na alivyohusiana na marehemu. Asiyesema hivyo husikilizwa kwa adabu, lakini wapo watakaonong'ona kama huyu naye amezaliwa mara ya pili au ni mwanakanisa tu.

Katika ubishi huu wa mtu huokoka lini, fungu linalogombaniwa ni Yohana 3. Yesu anamwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu, kisha katika mstari wa tano anataja maji na Roho. Wakatoliki hushika maji: mtoto amezaliwa upya alipobatizwa, na maisha yaliyobaki ni ya kukua. Waanglikana nao hubatiza watoto wachanga. Wapentekoste hushika toba ya mtu mzima mwenye akili zake. Halafu kuna Marafiki, yaani Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka wa 1902, ambao hawabatizi kwa maji kabisa. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, majibu yote matatu utakuwa umeyapita kabla hujafika Chavakali.

Na si ubishi wa maneno matupu. Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipoingia Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, Waanglikana Wajaluo waligawanyika. Walioamka, Joremo, watu wa damu, walisisitiza kuungama dhambi hadharani. Wengine, Johera, watu wa upendo, wakaona wanahukumiwa na ndugu zao. Kufikia 1958 Johera, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walikuwa wametoka na kuanzisha kanisa lao.

Wanaodai siku maalumu ya kuokoka wana hoja moja ambayo wasomi wa dini huipita haraka mno. Mfikirie mjane wa Kijaluo. Mume ameshazikwa, wazee wanaanza kuulizana ni nani atamrithi. Akisema "sitaki," amewatukana wakwe. Akisema "nimeokoka," amesema jambo jingine kabisa: jibu hilo lina kanisa nyuma yake, lina akina mama wa maombi watakaokuja kukesha nyumbani kwake, na halimvunjii mtu heshima. Ubatizo wa utotoni haumpi jibu hilo, kwa sababu shemeji anayetaka kumrithi naye alibatizwa, pengine na padri yule yule. Mtu akitaka kuachana na mila iliyomkaba, anahitaji mahali pa kusema: mimi wa jana siye wa leo.

Lakini aliyelelewa ndani ya imani tangu tumboni afanye nini? Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wala hamuulizi tarehe. Vijana wetu wa shule za bweni huulizwa. Asiye na ushuhuda wa pombe na disko hujiona amepungukiwa, basi huupaka mkaa utoto wake uliokuwa safi. (Wanasiasa hawana shida hiyo, wao huokoka kila baada ya miaka mitano.)

Tena Nikodemo mwenyewe hakuokoka usiku ule, angalau Yohana hasemi hivyo. Alikuja gizani, akauliza, akapotea. Sura ya 7 anamtetea Yesu mbele ya wakuu, kwa uoga kidogo. Sura ya 19 anakuja na manemane na udi yapata ratli mia kumzika. Ni lini alizaliwa upya? Mimi sioni aya ya kuwekea kidole, na nadhani hapo wanaosema kuokoka ni safari, si siku moja, wana haki.

Ninapoachana nao ni pale safari inapokuwa kisingizio cha kutoondoka nyumbani. Cheti cha ubatizo hutolewa kabatini wakati wa harusi, kikarudishwa. Na krusedi za siku hizi, mikutano mikubwa ya injili, zina uvivu wao pia: rudia sala hii baada yangu, kinanda kinapandishwa, mhudumu anaandika jina na namba ya simu daftarini, anayefuata! Waliookoka wa Uamsho walijulikana kwa kurudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani, kama Zakayo wa Luka 19 aliyeahidi kurudisha mara nne.

Kwa hiyo daftari lile la krusedi ningeliongezea safu moja, kando ya namba ya simu: unadaiwa na nani? Na kabla ya kipaimara, katekista angempa kila kijana nafasi ya kujibu kwa maneno yake mwenyewe, si ya kitabu, kama anaitaka imani aliyotiwa akiwa mchanga, na anayejibu "bado" aruhusiwe kungoja mwaka mwingine bila mzazi kuitwa.