Kumwambia mwanafunzi ajitoe mitandaoni hakutoshi

Wanafunzi wa vyuo vikuu hulaumiwa kwamba wanapoteza muda kwenye mitandao ya kijamii, na dawa wanayopewa ni kujitoa. Wanaotoa ushauri huo wana ushahidi mzito kuliko hata wanavyodhani. Facebook, iliyoanzia Harvard mwezi Februari 2004, haikufunguliwa kwa vyuo vyote vya Marekani kwa wakati mmoja, bali ilisogea chuo baada ya chuo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin walitumia tofauti hiyo ya wakati kulinganisha vyuo vilivyokwisha kufikiwa na vile ambavyo vilikuwa bado. Wakabaini kwamba mtandao ulipoingia chuoni, afya ya akili ya wanafunzi ilizorota, hasa kwa dalili za sonona, ingawa simu janja zilikuwa bado hazijaenea.

Sababu waliyoipa uzito, hata hivyo, si uvivu. Ni kujilinganisha na wenzao, na walioumia zaidi ni wale ambao ulinganisho huo unaelekea kuwaonyesha kuwa wako nyuma, wakiwamo wanaoishi nje ya kampasi na wenye hali duni ya kiuchumi. Sioni namna ya kulipita jambo hili haraka, kwa kuwa utafiti mwingine, uliofanywa kwa wanafunzi 286 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na kuchapishwa mwaka 2007, ulihusisha matumizi ya Facebook na mtandao mpana wa kufahamiana, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanafunzi wasiojiamini na wasioridhika na maisha yao. Ni kweli kwamba dodoso la aina hiyo haliwezi kuthibitisha kipi kilisababisha kipi. Hata hivyo, tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja, inaelekea kwamba mnyonge anayeumizwa na mtandao ndiye pia anayeuhitaji kuliko wengine.

Mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kigoma kuja kusoma Dar es Salaam, akakosa nafasi hosteli na kupanga chumba mbali na chuo. Ukumbi wa mhadhara ukibadilishwa, vitini vikitolewa, au siku ya kusaini fedha za mkopo ikifika, taarifa hutumwa na kiongozi wa darasa kwenye kikundi cha WhatsApp. Anayelala hosteli hata akizima simu atamuuliza wa kitanda cha jirani, lakini huyu hana wa kumuuliza, na gharama ya kujitoa inamwangukia yeye peke yake.

Wapo watakaosema abaki WhatsApp na aachane na Instagram na TikTok. Hoja hiyo ni ya haki, na kwa baadhi yao itasaidia. Lakini wanaomtumia vitini asubuhi ndio hao hao ambao jioni huweka picha za starehe zao kwenye status, kwa hiyo ulinganisho unamfuata humo humo. Ushauri wa kujitoa utakuwa wa haki pale vyuo vitakapohakikisha kwamba kila tangazo na kila kitini kinapatikana kwanza kwenye tovuti ya chuo na kwenye ubao wa idara, ili mwanafunzi anayetaka kupumzika na mitandao asikose mhadhara wala fedha yake ya kujikimu.