Kile Kile

Jamani, mwenzenu nimedhalilishwa na kiazi.

Nilinunua fungu la viazi vitamu, nikasafiri wiki tatu. Narudi, kimebaki kimoja kapuni, kimetoa machipukizi ya zambarau, yamesimama yananitazama utafikiri mimi ndiye mgeni mle chumbani. Mwenye akili zake angekitupa. Mimi nikapiga hesabu: machipukizi saba, kila moja linipe viazi vitano, jumla 35! Siku hiyo nilipita kwa muuza viazi wa kona bila kumsalimia.

Uwanja wetu ni saruji tupu mpaka mlangoni mwa choo, kwa hiyo nikatafuta kiroba cha mchele na ndoo tatu zilizopasuka. Udongo, nikanunua. Ndiyo, Dar udongo unanunuliwa. Samadi ya kuku nikaweka nusu kwa nusu, maana mimi sina mkono wa birika. Kiazi nikakifukia kizima kizima kirobani, nikanawa mikono, nikampigia mama kujisifu.

Mama yuko Gairo. Waliowahi kupita njia ya Dodoma wanaijua Gairo: basi halijasimama sawasawa, viazi vimeshafika dirishani. Mimi ada yangu ya shule ilitoka kwenye matuta hayo hayo.

"Umefukia kiazi?" akauliza. "Mwanangu, yanapandwa marando!"

Akanielekeza kama mtoto wa jirani. Kiazi ni cha kutolea marando tu, yaani yale mashina yake yanayotambaa. Subiri yarefuke kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, kata, yalaze kwenye tuta, fukia zaidi ya nusu, vifundo viwe chini ya udongo maana ndiko mizizi inakotokea. "Na samadi umeweka kiasi gani?" Nikamwambia. Kimya. Halafu nikamsikia anamwita shangazi: "Wifi, njoo umsikie msomi wetu."

Nikakata marando, nikapanda kwenye ndoo. Kiazi chenyewe nikakiacha kirobani kwa heshima ya uzazi. Bwana wee! Yalimea! Yalipanda ukuta, yakashika kamba ya nguo, yakawa yanachungulia dirishani kwa mpangaji wa chumba cha tatu. Naye hakuchelewa. "Shemeji, naomba matembele kidogo, nichanganye na dagaa." Kidogo! Kufika Jumapili nyumba nzima inachuma. Jioni harufu ya matembele ya nazi inapita koridoni, mimi mwenye shamba nakula ugali na yai. Kuna mmoja alinigongea kabisa kulalamika: "Shemeji, wiki hii hukumwagilia, yamekuwa magumu."

Mwenye nyumba alikuja kugomba kuhusu bili ya maji. Akaondoka na kodi yangu mkono mmoja, na matembele mkono wa pili.

Mwezi wa nne ukafika, nikatangaza mavuno. Nilinunua mkaa, nikapika chai ya tangawizi, watoto wakajipanga na sahani. Nikapindua ndoo ya kwanza: mizizi kama kamba za viatu. Ya pili: mizizi. Ya tatu, viazi viwili saizi ya kidole gumba, kimoja kina tundu, na fukusi akatoka humo taratibu kama mpangaji aliyemaliza mkataba. Ndipo nikaelewa kile kimya cha mama: samadi ilizidi, yote ilikuwa imekwenda kwenye majani.

Nikakimbilia kiroba. Nikachimbua, mkono ukagusa kitu kikubwa. Nikapiga kelele! Watoto nao wakapiga kelele! Nikakivuta, nikakifuta udongo, nikakigeuza.

Kilikuwa kiazi changu. Kile kile nilichofukia. Kimenenepa, kimekakamaa, kimejaa nyuzi kama katani. Nikakichemsha mpaka mkaa ukaisha, na kisu bado hakikupita.

Jioni mama akapiga. "Umevuna?"

"Nimevuna."

"Vingapi?"

Nikajifanya mtandao unasumbua.

Sasa hivi wapangaji wote wamenuna, eti kwa nini nimeng'oa matembele bila kuwashirikisha. Wa chumba cha tatu hata salamu haitiki. Na pale kona, yule muuza viazi jana kaniona kwa mbali, akaanza kunifungia fungu kabla sijafungua mdomo.