Saa Sita za Kusubiri Ndege: Kutoka Nje au Kubaki Ndani?

Msafiri wa Lamu anayekwenda ng'ambo hana ndege ya moja kwa moja. Huvuka kwa boti hadi Manda, hupanda ndege hadi Nairobi, na kutoka hapo mara nyingi huunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul kabla ya kufika Jeddah, Mumbai au London. Kwa hiyo karibu kila safari ya namna hiyo ina saa nne, sita au nane ambazo hana la kufanya ila kusubiri, na hapo ndipo linapozuka swali la kama atoke nje auone mji ule au abaki kitini mpaka aitwe. Barazani kwetu wapo wanaosema kuwa kutoka ni kuichezea nauli, na wapo wanaosema kuwa kubaki ni kujifunga bila kosa. Naona kila upande una ukweli ambao mwenzake hautilii maanani.

Tuanze na wanaopendelea kutoka, kwa sababu hoja yao hudharauliwa upesi. Kukaa saa nane katika ukumbi wa abiria si kupumzika. Viti vingi vimetenganishwa kwa vyuma ili mtu asijinyooshe, baridi ya mashine humwingia mifupani mtu aliyezoea joto la pwani, na chakula huuzwa kwa bei ambayo baba mwenye watoto wanne huifikiria mara mbili. Mzee mwenye maumivu ya magoti akitembea kidogo juani na kula chakula cha moto huipanda ndege ya pili akiwa na nguvu mpya. Tena mtu wa mtaa wa Langoni, Lamu, ambaye huenda asipite Addis Ababa tena maishani mwake ana haki ya kutaka kuuona mji ule kwa karibu kuliko kuuchungulia dirishani. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, na uwanja wa Bole uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Katika njia tunazozipita sana, sioni mahali ambapo hoja ya kutoka ina nguvu zaidi.

Kisha kuna jamaa. Kwetu sisi Nairobi ni zaidi ya kituo cha kubadilishia ndege. Ni mji wenye shangazi Eastleigh na binamu South C, na habari kwamba umepita bila kuwajulia hali huwafikia kabla hujarudi. "Utapitaje mlangoni kwangu, mwanangu, usiingie hata ukanywa maji?" Lawama hiyo ni nzito, na anayeiona kuwa jambo dogo hajui undugu unavyotunzwa. Lakini sote tunajua kwamba maji hayo hayanywewi peke yake. Ukiingia utakuta wali umeshatiwa jikoni, watoto wataitwa waje wakusalimu, na utaagwa chumbani, ukaagwa mlangoni, ukaagwa tena ukiwa garini. Mwenyeji hamharakishi mgeni, na mgeni naye huona haya kutazama saa. Kwa hiyo muda wa ziara ya jamaa haukadiriwi kwa nia ya mgeni bali kwa ukarimu wa mwenyeji, na ukarimu huo haujui ratiba ya ndege.

Upande wa pili huanzia kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni kali kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue mtu anayetua uwanja wa Jomo Kenyatta saa nne asubuhi, na ndege yake ya kwenda Doha inaondoka saa kumi jioni. Kwenye karatasi anazo saa sita. Nusu saa ya kwanza huishia kwenye kushuka, kungoja mabegi na kutafuta gari. Mashirika mengi humtaka abiria wa safari ya nje awepo uwanjani muda wa saa tatu kabla, na hata aliyekwisha kupata pasi ya kupandia ndege asijipe chini ya saa mbili, kwa sababu kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka, na lango hufungwa mapema kuliko ule wakati ulioandikwa kwenye tiketi. Anayerudi uwanjani hapo hushushwa garini akakaguliwe kabla hajafika kwenye jengo, akakaguliwa tena anapoingia, kisha ziko foleni za kaunta na Uhamiaji. Katika zile saa sita zimebaki mbili na nusu, au tatu na nusu kwa mtu jasiri, nazo zina njia mbili ndani yake, ya kwenda na ya kurudi. Barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, imewapunguzia mzigo wanaokwenda Westlands, ila haimfikishi mtu Eastleigh, na mvua ikinyesha Barabara ya Mombasa hujaa magari yasiyosogea. Basi kilichokuwa saa sita kimekuwa saa moja ya kukaa na shangazi, tena kwa roho juu.

Umbali nao hudanganya. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani uwanja wa Malindi uko ukingoni mwa mji na tuktuk hukufikisha sokoni upesi, ilhali ule wa Manda, ambao ukiwa Lamu unaona ndege zake zikishuka, huondoki wala huufikii bila kushuka ngazi za jeti ya boti, kungoja boti ijae au kuikodi peke yako, na kuyasikiliza maji. Ndivyo ilivyo miji mingine pia. Uwanja mpya wa Istanbul uko takriban kilomita 40 kutoka mitaa ya kale ambayo kila mtu anataka kuiona. Shirika la Turkish Airlines huwatembeza mjini bila malipo abiria wake wanaosubiri kati ya saa 6 na 24, na hilo ni jambo jema kwa sababu wao ndio wanaokurudisha kwa wakati, lakini mwenye pasipoti ya Kenya lazima awe na viza ya Uturuki kwanza. Asiye nayo hana uamuzi wa kufanya.

Saa za huko ziangaliwe kwa uangalifu. Addis Ababa, Doha, Jeddah na Istanbul hufuata saa zilezile za Lamu, na Waethiopia hata huzihesabu kama sisi, saa moja ikiwa ni baada ya mapambazuko, hivyo Mswahili huelewana na dereva wa teksi huko kwa urahisi ambao Mzungu haupati. Dubai imetangulia kwa saa moja, na Mumbai kwa saa mbili na nusu. Anayetoka nje Dubai huku saa yake ya mkononi bado ni ya nyumbani atarudi akute lango limefungwa, hata kama kwa hesabu yake alikuwa amewahi.

Jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote ni nani atakayebeba hasara. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Lakini ukiwa umeshafika, ukatoka kwa hiari yako na kuchelewa kurudi, unaandikwa kuwa abiria asiyetokea, na vipande vyote vilivyobaki vya tiketi hiyo, pamoja na vile vya kurudi nyumbani, huweza kufutwa. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni hatari zaidi, maana hapo hata ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kwa ile ya pili. Kuna pia yasiyotabirika. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma wakipinga mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani, safari zikakwama na watu wakarundikana nje ya majengo. Siku kama hiyo ni nadra, lakini ikitokea, aliye ndani yuko karibu na kaunta na habari, na aliye mjini husikia wa mwisho.

Cheti cha homa ya manjano kisisahauliwe pia, kwa kuwa nchi nyingi humdai abiria aliyepitia nchi yenye ugonjwa huo kwa zaidi ya saa 12, hata kama hakutoka uwanjani.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani kwamba asiyetoka amepoteza muda wake. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, mfalme alimwalika ashuke nchi kavu, naye akakataa akisema bwana wake hakumpa ruhusa. Wakakutana baharini, kila mmoja chomboni mwake, na kule kule alipata rubani wa kumfikisha Kalikuti, India. Sina haja ya kumsifu mtu yule, lakini alichokihitaji Malindi alikipata bila kukanyaga mchanga wake. Muda wa kungoja nao mara nyingi una kazi yake tayari. Anayeelekea Umra anahitaji kuoga, kuvaa ihramu na kutuliza moyo. Anayempeleka mamake India kwa matibabu anahitaji kumlaza, kumpa dawa kwa wakati na kuhakikisha vyeti vya hospitali viko mkononi. Wala sala si sababu ya kutoka, kwani msafiri ameruhusiwa kupunguza na kukusanya, na viwanja vikubwa vina vyumba vya kusalia.

Kwa hiyo mimi naitenganisha safari ya kwenda na ya kurudi, jambo ambalo wabishani wengi hawalifanyi. Unapokwenda, mbele yako kuna siku ya daktari, siku ya mtihani au kundi la mahujaji lisilokungoja, na ukikosa ndege umekosa kilichokutoa nyumbani. Hapo, kama muda haufiki saa nane na mji hauko karibu kama Addis, ningebaki, na shangazi ningempigia simu mapema nimwombe radhi kabla hajasikia kwa wengine. Unaporudi, kilichobaki mbele ni ndege ya Manda. Kwa kawaida hiyo huruka mchana, na ukiikosa utalala Nairobi kwa hao hao jamaa, upande ya kesho. Nauli ya kubadilisha itauma, lakini shughuli iliyokupeleka imekwisha. Hapo ndipo pa kutoka, kula wali wa shangazi na kuagwa mara zote tatu.

Anayetua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, na kuondokea Jomo Kenyatta hana budi kutoka nje, apende asipende, na South C iko jirani na Wilson, kabla hajaishika Barabara ya Mombasa. Huyo anaweza kumwambia binamu yake waonane kwa nusu saa, mabegi yakiwa yamebaki garini na dereva ameshaambiwa saa ya kuondoka mbele ya mwenyeji, ili anayeharakisha awe dereva na si mgeni.