Kabla ya kusema "ni uzee tu", mwageni mezani mfuko wa dawa

Mzee akianza kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache, wengine nyumbani husema ni uzee, mwacheni. Wengine hukimbilia duka la dawa kuulizia vidonge vya kuongeza kumbukumbu. Siafiki upande wowote.

Mimi ningeanza na ule mfuko wa rambo unaoning'inia nyuma ya mlango wa chumbani (marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 haikuufikia). Una dawa za kliniki mbili tatu, na hakuna daktari aliyewahi kuziona zote kwa pamoja. Piritoni anayomeza kila usiku apate usingizi, amitriptilini ya ganzi ya miguu, diazepamu aliyogawiwa na jirani: zote zinaweza kumvuruga mzee kumbukumbu. Hata metfomini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, huweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo nao huleta usahaulifu. Ila msimkatishe dawa wenyewe. Diazepamu ikiachwa ghafla inaweza kuleta degedege. Mpelekeeni daktari mfuko mzima.

Apimwe pia presha, B12, tezi ya shingo na VVU. Masikio yasisahaulike, wala sonona, hasa kama amefiwa na mwenzake.

Kipimo chenyewe cha kumbukumbu nacho kina mambo. MoCA, kinachotumika nchi nyingi, humtaka mtu achore saa na mchemraba. Mpe bibi ambaye hakushika kalamu maisha yake yote, atafeli na akili zake timamu. Ndiyo maana napigia debe IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Zahanati gani itashindwa kununua kiberiti?

Ikibainika kumbukumbu imepungua kidogo lakini bado anajimudu, donepezili, dawa ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, haijathibitika kumsaidia katika hatua hiyo. Presha ndiyo ya kukomaa nayo. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, 2019, ulionyesha kwamba waliolengwa kushushwa presha (namba ya juu) chini ya 120 walipata tatizo hili kwa uchache kuliko waliolengwa chini ya 140. Lengo la mzee wenu apange daktari, maana presha ikishuka mno ataanguka.

Wapo wanaorudi hali ya kawaida, kwa hiyo apimwe tena baada ya miezi sita hadi mwaka. Na asindikizwe na anayeishi naye, anayejua kama bado anahesabu chenji mwenyewe, si kijana wa mjini anayempigia simu Jumapili.