Kunata si Hukumu: Jeni za Helicobacter pylori na Maradhi ya Tumbo

Tumbo la binadamu si mahali rahisi kwa kiumbe kuweka makazi. Tindikali yake ni kali, ute unaolifunika kwa ndani hubanduka na kutengenezwa upya kila wakati, na misuli yake husukuma kila kilichomo kuelekea utumbo mwembamba. Hata hivyo Helicobacter pylori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, hukaa humo kwa miongo, aghalabu tangu utoto wa mtu aliyeambukizwa. Kimeng'enya chake cha ureasi hupunguza makali ya tindikali inayomzunguka, na mikia yake humwezesha kuogelea ndani ya ute, lakini asipopata pa kushika atasombwa pamoja na chakula. Ndiyo maana takriban jeni 4 katika kila 100 alizonazo ni za protini za utando wake wa nje, na kazi ya baadhi ya protini hizo ni kunata.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu iwapo jeni hizo zinaweza kutabiri nani atapata vidonda vya tumbo au saratani, na nani ataishi na bakteria huyu hadi uzeeni bila kuhisi lolote, kama wanavyoishi wengi wa walioambukizwa.

Wanaoamini kwamba zinaweza wana hoja nzito. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba bakteria huyu hushika sukari iitwayo Lewis b, inayohusiana na makundi ya damu na iliyoko juu ya seli za ukuta wa tumbo, na mwaka 1998 protini inayoishika, BabA, ikatambuliwa. Mwaka uliofuata, watafiti nchini Ujerumani walieleza kwamba aina zenye jeni babA2, inayotengeneza BabA, pamoja na jeni mbili za sumu, cagA na vacA ya aina ya s1, zilionekana zaidi kwa wagonjwa wa vidonda na wa saratani ya tumbo. Kisha mwaka 2002 ikaja SabA, ambayo hushika sukari nyingine inayoongezeka pale ukuta wa tumbo unapokuwa umevimba, kwa hiyo uvimbe aliouanzisha bakteria humwongezea mahali pa kushika. Ushahidi ninaouona kuwa wa nguvu kuliko wote ulitolewa mwaka 2016, ilipobainika kwamba protini HopQ hushika protini za binadamu za kundi la CEACAM, na kwamba mshiko huo humsaidia bakteria kudunga sumu ya CagA ndani ya seli. Hapa hatuzungumzii tena vitu viwili vinavyoonekana pamoja kwa takwimu. Tunaiona njia yenyewe ambayo kunata hugeuka kuwa madhara.

Pamoja na hayo, hatua ya kutoka kwenye njia hiyo hadi kwenye utabiri wa mgonjwa mmoja mmoja ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kipimo cha jeni huonyesha kwamba jeni ipo. Hakionyeshi kwamba protini inatengenezwa, wala kwamba inanata. Jeni za SabA na za OipA, protini nyingine ya utando wa nje, zina herufi zinazojirudia, na bakteria anapojinakili huweza kukosea idadi yake, jeni ikazimika au ikawaka tena. Kwa BabA mambo ni magumu zaidi. Nyani aina ya rhesus walipoambukizwa kwa majaribio, kama ilivyoripotiwa mwaka 2004, bakteria waliacha kutengeneza protini hiyo, wengine kwa kuibadilisha jeni yake na jeni ndugu, babB. Na utafiti wa mwaka 2007 uliopima protini badala ya jeni ulikuta madhara makubwa zaidi kwenye aina zenye BabA kidogo, zisizoshika Lewis b kabisa. Mtu aliyeshikilia kwamba mnato mkali zaidi ndio ugonjwa mkubwa zaidi hana budi kusimama hapo na kufikiri upya.

Tena jeni hizi hazibagui kila mahali. Katika Asia ya Mashariki karibu kila aina ya bakteria huyu ina babA2 na cagA, akiwa kwa mgonjwa au kwa mzima, hivyo kuzikuta hakumwambii daktari jambo jipya. Nchini Kolombia, wakazi wa Tumaco kwenye pwani ya Pasifiki na wale wa Túquerres milimani wameambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana, takriban 90 katika kila 100, lakini saratani ya tumbo huwapata watu wa milimani takriban mara 25 zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha madhara na kutolingana kwa asili ya bakteria na asili ya mwenyeji: bakteria mwenye nasaba ya Afrika alikuwa mpole kwa watu wenye nasaba hiyo, na mkali zaidi kwa wenye nasaba ya wenyeji wa Amerika. Ikiwa ndivyo, kumchunguza bakteria peke yake ni kusoma nusu ya barua.

Jambo hili linatuhusu Afrika moja kwa moja. Tangu mwaka 1992 limezungumzwa fumbo la bara hili, lenye maambukizi mengi na saratani ya tumbo inayosemekana kuwa haba. Wengine hulieleza kwa upole wa aina za kusini mwa Afrika zisizo na kundi la jeni za cag, ambamo cagA imo. Wengine, na mimi naelekea kwao, husema kwamba pale ambapo kipimo cha kamera ya tumboni ni adimu, uhaba wa saratani kwenye daftari si uhaba wa saratani kwa watu.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kuanza kuwauzia wagonjwa wetu vipimo vya babA au sabA, ingawa natamani sana utafiti wake uendelee, hasa ule unaopima mnato wenyewe na kuangalia pia kundi la damu na nasaba ya mgonjwa. Mwenye vidonda aliyekutwa na bakteria huyu atapewa dawa zilezile, jeni ya kunata iwepo au isiwepo. Kinachoweza kubadilisha dawa zake ni usugu dhidi ya klarithromaisini, mojawapo ya dawa za kumuua bakteria huyu, usugu ambao mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika kundi la kipaumbele cha juu, na ambao nao huonekana kwenye jeni za bakteria. Kipande kimoja cha kinyama kilichotolewa tumboni kikiwa na fedha za kupimiwa jambo moja tu, kipimwe usugu huo kwanza.