Matumbawe laini ya Karibiani: ni aina ya mwamba au ni maji?

Kama umezoea kupiga mbizi Mnemba au Chumbe, ukisikia matumbawe laini unawaza yale manene yenye nyama kama uyoga. Karibiani sio hivyo. Kule kina kifupi kimeshikwa na gogonia, yaani matumbawe laini yenye matawi, mingine kama mijeledi, mingine vichaka, na ile Gorgonia ventalina ni upepeo kabisa wa zambarau, na ukiuangalia vizuri utaona umesimama kukingama mawimbi, sio kwa bahati, hapo kila polipu, yaani kile kinyama kidogo chenye mdomo kinachounda tumbawe, inapata chakula maji yakienda na yakirudi.

Sasa swali ni nini kinaamua gogonia ipi iote wapi. Kuna wanaosema nipe aina ya mwamba nikutajie kinachoota. Na wana hoja kwa kweli. Sakafu tambarare ya mawe yenye mchanga juu juu, kama sehemu nyingi za Florida Keys, vile visiwa vya kusini mwa Florida, Marekani, utakuta gogonia kama Pterogorgia na Antillogorgia acerosa, zinavumilia vumbi la mchanga. Ukishuka kwenye kuta zenye mkondo mkali unakutana na gogonia iitwayo Iciligorgia, huko mwanga sio shida yake maana haina ndani ya mwili ule mwani unaolisha wenzake kwa mwanga, inakula kinacholetwa na maji.

Lakini mimi hayo majina ya aina za miamba siyaamini sana. Mengi yalitokana na umbo la mwamba na matumbawe magumu, gogonia haikuulizwa. Miamba miwili yenye jina moja, mmoja unapigwa na mawimbi mwingine umejificha nyuma ya rasi, uoto unaweza kuwa tofauti kabisa, yaani jina linakupa nusu ya habari.

Wengine wanasema yote ni historia tu, ugonjwa na vimbunga. Miaka ya 1990 kuvu aina ya Aspergillus iliua pepeo nyingi sana, hilo halina ubishi. Ila tazama St. John, kisiwa cha Karibiani, vimbunga Irma na Maria vilipiga mwezi mmoja, Septemba 2017, gogonia nyingi ziling'oka lakini mchanganyiko wa spishi ulibaki karibu ule ule na vitoto vikaendelea kuota. Kama historia ndiyo kila kitu, ule mchanganyiko ungevurugika zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni joto, hilo halichagui ukuta wala tambarare. Mwaka 2023 Florida hata gogonia, zile tulizoambiwa ni sugu kuliko matumbawe magumu, zilipauka na nyingine zikafa.